Boksi na gundi, au Gazebo? Kujaribu roboti kabla ya kuinunua

Kabla hujanunua mkono wa roboti utakaofanya kazi bega kwa bega na wapangaji wa parachichi kule Rungwe, ujue kwanza watu watauchukuliaje. Njia za kujaribu ziko mbili.

Ya kwanza ni maboksi, gundi na mtu aliyejificha. Sisi tulikata mkono wa boksi, tukaufunga kwenye mpini wa ufagio, mwenzetu akakaa nyuma ya pazia akiuendesha. Mama mmoja aliyekuwa akipanga matunda kwenye kreti alirudisha kiganja kila ulipomjia kutoka kushoto. Ulipotokea mbele yake, akiuona tangu mwanzo, wala hakushtuka. Akaendelea na stori zake. Jibu hilo tulilipata asubuhi moja, kwa gharama ya gundi na soda. Ubaya ni kwamba wa nyuma ya pazia huchoka, na mara ya kumi hasogezi kama ya kwanza. Tena ana akili kuliko roboti, kwa hiyo anakudanganya bila kukusudia.

Ya pili ni Gazebo, programu ya bure inayoiga roboti kwenye kompyuta, ikishirikiana na ROS, yaani mkusanyiko wa programu za kuendeshea roboti. Hapa mwendo haubadiliki: ukiweka sentimita 25 kwa sekunde, ni hizo hizo. Utaona pia kama mkono unaifikia kreti ya mwisho. Ila binadamu wa kwenye skrini hashtuki. Halafu kuizoea kunakula wiki kadhaa, na umeme wa huku kwetu Mbeya unaujua.

Mimi ningeanza na boksi. Gazebo ningeifungua nikishajua mkono utokee upande gani.