Sindano ya goti: nilienda natetemeka

Jamani mimi na sindano hatuivi kabisa, tangu shule ya msingi wakija watu wa chanjo nilikuwa naruka dirisha. Sasa goti la kulia limenisumbua mwaka mzima, nikipanda ngazi linalia kre kre kama kitanda cha gesti, dokta akasema vidonge vimegoma tuchome steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, humohumo ndani ya goti. Ndani! Nikamuuliza haina ya kunywa?

Siku yenyewe nimekaa mapokezi karibu masaa mawili, hapo nawakata maksi, feni mbovu na tivii inaonyesha mapishi wakati mtu roho iko mkononi. Kuitwa tu goti likapona ghafla nikataka kurudi home. Nesi mmoja mama mtu mzima akanishika bega, "Baba, na ndevu zote hizo?" Nikalala. Akapaka spiriti ile ya baridi, dokta akachanganya dawa na ganzi, nikafumba macho nikaanza dua ya safari, nasubiri maumivu naambiwa shusha suruali tumemaliza. Kumbe kamchomo kale halafu goti kama linajaa maji, basi!

Usiku liliuma kidogo nikaweka barafu, siku ya nne nimeshuka daladala bila kumshikilia konda. Wenye sukari semeni mapema maana inaweza kupanda siku chache, na sio ya kuchoma kila mwezi, mimi nimeambiwa angalau miezi 3 ipite. Nyota nne, ya tano watapata wakitengeneza feni.