"Dada, wewe hujui kukanyaga breki": diski za matundu na pedi za mashindano kwenye gari langu zee

Nianze na sentensi yenyewe, maana mpaka leo ikinijia usiku usingizi unaruka. "Dada, diski haina shida. Wewe hujui kukanyaga breki." Muuzaji wa duka la vipuri aliisema bila kuinua macho kwenye simu, mbele ya wateja wawili, mmoja akacheka. Nimeanza kuendesha gari huyo muuzaji hajafunga kamba za viatu mwenyewe.

Gari langu limevuka miaka 20 na siliuzi. Injini haina neno. Breki ndizo zilizokuwa zimechoka: pedeli inazama, diski, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu, zimeota ukingo ambao ukucha unakwama ukipitisha. Ningeweka za kawaida yakaisha. Lakini nikajiambia, maadamu magurudumu yanafunguliwa, ngoja niboreshe kabisa.

Dukani niliuliza swali moja tu. Pedi, vile vipande vinavyoibana diski, nyingi huchapwa herufi mbili za ushikaji, FF au GG kwa mfano. Ya kwanza ni pedi inavyoshika kabla haijapata moto sana, ya pili ikishachemka, na G inang'ata kuliko F. Nikauliza, hizi ni zipi? Akanitazama kama nimemuuliza pedi imezaliwa lini. "Hizi ni za mashindano, chukua. Na diski beba za matundu na mifereji, zinapoza." Nikabeba. Nakiri, yale matundu yalinivutia yakionekana nyuma ya rimu, na hapo simlaumu mtu.

Fundi wao akafunga haraka mpaka nikamsifu kwa wepesi. Ule wepesi, kumbe!

Wiki za mwanzo nilikuwa nachekelea, isipokuwa asubuhi. Breki ya kwanza gari likiwa baridi, linasonga mbele kidogo kama halijasikia. Pedi za mashindano zinataka joto ndipo zishike. Mimi asubuhi naenda kazini, sishindani na mtu. Zikawa pia zinalia kila nikikaribia kusimama, watu wanageuka. Nikavumilia. Halafu usukani ukaanza kutetemeka nikikanyaga breki kwenye mwendo mkubwa, mwanzo kwa mbali, baadaye mpaka viwiko vinacheza. Nikarudi dukani na adabu zangu zote, na jibu nililopata mmeshalisoma.

Niliondoka pale nimeshaandika kichwani: nyota moja, diski za matundu ni urembo na utapeli, mtu asiguse. Nilikuwa na hasira ya kutosha kurasa tatu.

Kisha nikaenda kwa fundi mwingine, mzee asiyependa maneno. Akavua diski, akaniita: "Mama, sogea uone." Habu, yaani kitovu ambacho diski inakalia, ilikuwa na kutu iliyoganda kama magamba. Diski mpya ilikuwa imebandikwa juu ya hiyo kutu, haikukaa sawa, kila mzunguko inayumba kwa kiasi ambacho jicho halioni. Siku ya kwanza husikii kitu. Pedi inaigusa diski sehemu moja kuliko nyingine, kilomita baada ya kilomita, mpaka unene wake unapishana, na hapo ndipo usukani unapoanza kucheza. Watu husema diski imepinda. Yangu ilikuwa haijapinda popote. Na pini za kalipa, kile kibanio kinachosukuma pedi, zilikuwa kavu kabisa, kwa hiyo pedi ya ndani imeliwa na ya nje bado imenona.

Yaani brashi ya waya na dakika kumi. Ndicho kilichokosekana. Na mtu ananiambia mimi ndiye sijui!

Mzee akasugua habu mpaka chuma kikang'aa, akaangalia matundu moja moja kama yana nyufa (nyufa za diski hizi hupenda kuanzia hapo), akaichonga diski kidogo sana huku akinung'unika, bila kushuka chini ya unene wa mwisho uliochorwa kwenye diski yenyewe. Pedi za mashindano akazitupa pembeni, akaweka za seramiki. Halafu akagusa ugonjwa wangu wa kwanza kabisa, ile pedeli ya kuzama. Mpira mmoja wa breki, ule unaopitisha mafuta, ulikuwa umezeeka, unavimba kila nikikanyaga. Mafuta ya breki yalikuwa meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu: ya daraja la DOT 4, kama yangu, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155, na mafuta yakichemka pedeli inakanyaga mvuke. Akabadilisha mpira, akamwaga mafuta, akatoa upepo, pedeli ikasimama juu. Kumbe nilikwenda kununua diski za kifahari wakati shida yangu ilikuwa mpira na mafuta. Pale dukani hakuna aliyelifikiria hilo. Hata mimi, tuseme ukweli.

Sasa sehemu inayoniuma. Nikisafisha buti nikaokota boksi la zile pedi, na ndani yake karatasi ambayo haikuwa imekunjuliwa. Inaeleza kwamba pedi mpya huzoeshwa: unashuka kutoka mwendo wa kama kilomita 50 hadi 10 kwa saa, mara kadhaa mfululizo, bila kusimama kabisa, kisha unaendesha zipoe. Sikuwa nimefanya hata mara moja. Kwa hiyo lile tusi lilikuwa na robo ya ukweli ndani yake, na robo hiyo aliijua yeye, alikuwa nayo kwenye boksi, akanikabidhi bila kusema neno, kisha akanirudishia kama kashfa. Afadhali angekuwa mwongo mzima.

Diski nilizozitukana zimesingiziwa, basi nikazipandisha nyota tatu. Juzi nikafikiri kwamba diski za kawaida zingefanya kazi hiyo hiyo bila mashaka ya nyufa, nikazirudisha mbili. Leo asubuhi, breki ya kwanza, gari baridi, likasimama pale pale nilipotaka. Haya, tatu. Lakini muuzaji abaki na moja yake, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.