Mashine ya kahawa ya nyumbani: ulizia mpira kwanza

Malalamiko ya wanaonunua mashine za kahawa za nyumbani yanafanana mno. Mashine inatoa kahawa nzuri miezi saba, minane, kisha maji yanaanza kuchuruzika pembeni ya mpini badala ya kupita kwenye kahawa. Kikombe kinajaa maji ya kahawia yasiyo na nguvu, meza inaloa, na ukirudi dukani unajibiwa, "Dada, hizo spea hatuleti, chukua tu nyingine." Na watu wanachukua nyingine! Chombo cha gharama kinatupwa kwa ajili ya kiduara cha mpira kinachoenea kwenye kiganja.

Kwa hiyo hapa sitaanza na rangi, wala idadi ya vitufe, wala ile "15 bar" au "20 bar", kipimo cha presha, iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Espresso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayosukumwa kwa presha, hutengenezwa kwa takriban bar 9. Namba ya kwenye boksi ni uwezo wa juu wa pampu, haikuambii lolote kuhusu kahawa utakayokunywa. Swali la kwanza dukani liwe hili: "Kaka, mpira wa hii unao?" Akikuuliza "Mpira gani?", rudisha boksi kwenye rafu.

Mpira wenyewe

Mafundi wengine huuita gasketi. Kwenye mashine ya pampu umejificha juu, pale unapopachika potafilta, yaani kile kikapu chenye mpini unachojazia unga wa kahawa. Kwenye moka, lile birika la kahawa la kuweka jikoni, umekaa kiunoni, chungu cha juu kinapoungana na cha chini. Kazi yake ni ile ile ya mpira wa presha kuka: kuzuia presha isitoroke ili maji yasiwe na njia nyingine ila kupenya katikati ya kahawa.

Mpira mzima ni laini, ukiubonyeza kwa ukucha unarudi. Maji ya zaidi ya nyuzi 90 kila asubuhi, pamoja na mafuta ya kahawa, huukausha taratibu hadi unakuwa mgumu kama plastiki. Unapata nyufa ndogo, na maji hupita penye ufa.

Kwenye mashine ya pampu dalili huja mapema kabla ya kuvuja. Mashine ikiwa mpya, mpini wa potafilta hukaza ukiwa haujafika katikati, au ukiwa umekuelekea wewe moja kwa moja. Mpira ukichakaa, mpini unapita katikati na kusogea kulia zaidi kadiri miezi inavyokwenda. Ukiona umeanza kupita, agiza mpira wakati huo huo. Usisubiri mafuriko, na usikaze kwa nguvu za mikono miwili, maana utavunja masikio ya potafilta, na hayo bei yake si ya mpira.

Kabla ya kuulaumu mpira lakini, safisha. Chembe za unga zikibaki kwenye ukingo wa kikapu, kila unapofunga zinausugua mpira kama msasa, na chembe chache tu zinatosha kufungua njia ya maji. Pitisha kidole kuzunguka ukingo kila mara kabla ya kufunga. Jambo la pili linaloua mpira ni kuacha potafilta imekazwa usiku kucha. Wakati wa kupasha mashine ni sawa iwe imefungwa, inahitaji kupata moto, ila ukimaliza kunywa ichomoe.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua mpira wa silikoni. Huvumilia joto muda mrefu kuliko mweusi wa kawaida. Mweusi, kwa mashine inayofanya kazi kila siku, uwekee hesabu ya kubadilishwa kila mwaka.

Namba moja: Bialetti Moka Express

Nasema wazi kwamba naipendelea hii, na sioni sababu ya kuficha. Ni birika la alumini la pembe nane lililobuniwa Italia mwaka 1933 na Alfonso Bialetti, lenye mchoro wa mzee mwenye masharubu ubavuni. Halina pampu, halina waya, umeme ukikatika halijui. Na mpira wake huuzwa kwa namba ya vikombe: una moka ya vikombe 3, unanunua mpira wa vikombe 3. Pakiti ya kawaida huwa na mipira mitatu na kichujio kimoja, nyepesi kiasi kwamba hata ukiagiza nje inaingia kwenye bahasha. Nunua pakiti hiyo siku ile ile unayonunua moka.

Hapo kwenye "vikombe" wengi wanakosea. Ni vikombe vidogo vya espresso. Moka ya vikombe 3 inatoa kama mililita 130 hadi 150, yaani mtu mmoja mwenye kikombe kikubwa na maziwa yake, au wawili wanaokunywa kidogo kidogo. Familia ya watu wanne ichukue ya 6. Usinunue ya 9 ukitegemea kuijaza nusu, kwa sababu moka iliyojazwa nusu hutoa kahawa mbaya.

Namna ya kuipika: weka maji ya moto kwenye chungu cha chini hadi chini kidogo ya valvu, kile kitundu cha ubavuni cha kutolea presha ikizidi, usiifunike valvu. Jaza kikapu kahawa iliyosagwa laini kiasi, gramu kama 16 kwa moka ya vikombe 3, sawazisha bila kushindilia. Futa ukingo. Kaza ukishika mwili wa birika, si mpini, na ushike chini kwa kitambaa. Moto mdogo, kifuniko wazi. Kahawa inaanza kutoka polepole, nyeusi kama asali ya nyuki wadogo. Mkondo ukipauka na kuanza kukoroma, ondoa motoni na upitishe kitako kwenye maji ya baridi. Ukiacha ikorome hadi mwisho utapata uchungu wa kuungua, halafu utasema kahawa ni mbovu.

Kwenye jiko la gesi angalia mambo mawili. Moto ukipita ukingo wa kitako unayeyusha mpini wa plastiki. Na moka ndogo huyumba juu ya vyuma vya jiko kubwa, kwa hiyo tafuta kile kisahani cha chuma cha kupunguzia nafasi. Jiko la induksheni halitaipasha kabisa, kwa kuwa ni alumini. Ukitaka ya induksheni chukua ya chuma cha pua, lakini jua kwamba mpira wake ni tofauti na wa alumini hata kama namba ya vikombe ni ile ile. Wauzaji huchanganya, na mnunuzi ndiye anayeumia.

Kubadilisha mpira ni kazi ya dakika mbili. Ingiza ncha ya kijiko chini ya mpira, uunyanyue, toa kichujio bapa kilicho nyuma yake, kisafishe kwa mswaki, rudisha, kandamiza mpira mpya sawasawa pande zote. Usisugue birika kwa stilwuli, alumini itakwaruzika. Lihifadhi likiwa limefunguliwa na kukauka.

Namba mbili: Gaggia Classic

Hii ni kwa mtu anayetaka espresso yenyewe na aliye tayari kuilipia. Ipo tangu mwaka 1991 na umbo lake la ndani halijabadilika sana, na hilo ndilo linaloipa nafasi hii. Potafilta yake ni ya milimita 58, kipimo kile kile cha mashine nyingi za migahawani, hivyo vikapu na tampa, kile cha kushindilia unga, havikusumbui kutafuta, na fundi anayehudumia mashine za migahawa hataishangaa.

Kubadilisha mpira wa Gaggia: chomoa umeme, acha ipoe kabisa. Fungua skurubu ya katikati, shusha chujio la bati, kisha ondoa sahani iliyo juu yake. Mpira utauona kwenye mfereji wa duara. Ukiwa laini hutoka kwa bisibisi ndogo. Ukiwa umekauka kama jiwe, zungushia ndani yake skurubu ya mbao, kamata kichwa kwa koleo, vuta. Sugua mfereji mpaka uone chuma, kwa sababu masalia ya kahawa yakibaki mpira mpya utakaa upande na utavuja siku ya kwanza. Tazama wa zamani ulikaa ukiangalia wapi, weka mpya hivyo hivyo, kisha upachike potafilta bila kikapu uusukume hadi mwisho.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 18 za unga, gramu 36 za kahawa kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 12, saga laini zaidi. Hapo ndipo unapoingia ununuzi wa pili ambao wauzaji hawausemi: kisagio. Blenda haifai, inakata vipande vikubwa na vumbi kwa pamoja. Unahitaji kisagio chenye meno ya chuma yanayorekebishika, hata cha mkono. Kama bajeti haifiki kisagio, Gaggia usiinunue. Rudi kwenye moka, hutajuta.

Boila yake, yaani tangi la kupashia maji, ni ndogo, na kwenye matoleo mengi ni ya alumini. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya mitaa mingi ya Dar es Salaam, yataifunika kwa ukoko mweupe ule ule unaouona kwenye birika la umeme. Tumia maji ya kunywa ya dumu. Ukoko ukishaingia, yeyusha gramu 15 za asidi ya sitriki katika lita moja ya maji, pitisha, iache dakika 15, kisha suuza kwa matangi mawili ya maji safi.

De'Longhi Dedica na AeroPress

Dedica ina upana wa sentimita 15 tu na inapata moto haraka. Kikapu chake cha kawaida kina kuta mbili na kitundu kimoja chembamba chini, kwa hiyo hata kahawa iliyosagwa kiwandani inatoa povu. Kwa asiye na kisagio ni nafuu kubwa. Kitundu hicho huziba, kizibue kwa pini. Udhaifu wake ni kipimo cha milimita 51: mpira wake na vikapu vyake huagizwa kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, wala usitegemee kuvikuta mtaani. Ukiipenda, agiza mipira miwili kabla haijaanza kuvuja.

AeroPress, ya mwaka 2005, ni bomba la plastiki la kusukuma kwa mkono. Mpira wake ni ule mweusi wa kwenye pistoni, na huharibika kwa uzembe mmoja: kuhifadhi pistoni ikiwa imekwama katikati ya bomba. Isukume hadi itokeze, au itoe kabisa. Kahawa yake ni safi, haina mashapo.

Mashine za vidonge, yaani vikopo vidogo vya kahawa vilivyofungwa tayari, ni za mwisho kwangu. Kidonge cha espresso kina gramu 5 au 6 za kahawa. Chukua bei ya kidonge kimoja, zidisha kwa 200, hiyo ndiyo bei ya kilo unayolipa kama kina gramu 5. Linganisha na kilo ya kahawa ya Moshi au Mbinga iliyokaangwa, kisha uamue.

Moka zisizo na jina za madukani, zile za rangi rangi: mpira wao haufuati kipimo cha mtu yeyote. Ukichakaa, birika limekwisha.

Kuhusu wauzaji

Inaudhi kuona tangazo la mashine limeandikwa "bei njoo inboksi". Mtu anayeficha bei ataficha na mengine. Inaudhi zaidi waranti ya mwaka mmoja ambayo ukiisoma inaondoa mpira, chujio na kila kinachochakaa, wakati hivyo ndivyo vinavyoharibika kwanza. Halafu kuna mashine zinazoletwa kutoka Marekani. Bei inavutia, lakini ni za volti 120. Ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 umeiunguza siku hiyo hiyo. Transfoma ya kushusha inayobeba wati 1,500 ni nzito na ghali, na umeme wa Marekani ni hezi 60 ilhali wetu ni 50, kwa hiyo pampu itabaki inafanya kazi chini ya kiwango. Soma kibandiko: kiandikwe 220–240V, 50Hz. Na kama nyumba inategemea inveta ya sola ya kilowati moja, mashine ya wati 1,400 haitawaka.

Ukifika dukani, omba ijazwe maji na kuwashwa mbele yako kabla ya kulipa. Pachika potafilta yenye unga wa kahawa, kaza kwa mkono mmoja, angalia mpini umesimama wapi. Kisha pitisha maji, na uweke kitambaa kikavu kuzunguka ukingo wa juu wa potafilta. Kitambaa kikilowa, mpira ni mbovu hata kama boksi lilikuwa halijafunguliwa: mashine iliyokaa stoo yenye joto miaka miwili hukausha mpira bila kutengeneza kikombe hata kimoja.