Citabria 7ECA: nzuri ya kujifunzia kutua, ila ikague kuanzia mkiani

Anayetaka kujifunza ndege ya gurudumu la mkia, yaani ile ambayo mkia wake hukaa juu ya gurudumu dogo la nyuma, tunampendekezea Citabria 7ECA kabla ya Piper J-3 Cub, zote mbili zikiwa ndege ndogo za viti viwili. Rubani wa Cub akiruka peke yake hukaa kiti cha nyuma, na pua inamziba. Kwenye Citabria anakaa mbele na anaiona njia hata mkia ukiwa chini. Hilo si jambo dogo, maana ajali nyingi za kutua huanza na mkengeuko wa nyuzi chache ambao jicho limechelewa kuuona.

Kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu. Ndege ikigusa chini huku pua imeelekea kando, uzito huo unashika njia yake ya awali na kuusukuma mkia nje. Kadiri mkia unavyotoka ndivyo msukumo unavyozidi, mpaka ndege inajizungusha na ncha ya bawa inagonga ardhi. Dawa ni pedali za usukani wa mkia: gusa mapema, kidogo, kisha rudisha. Breki zikikanyagwa kwa nguvu zinainamisha pua, na propela inachimba. Kwenye upepo wa ubavuni, fimbo ya kuongozea ndege ilazwe upande unakotoka upepo, na iongezwe kadiri kasi inavyopungua.

7ECA haina flapu, yaani vibapa vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua. Ukija juu mno, unaishusha kiubavu: bawa moja chini, pedali ya upande wa pili. Inyooshe kabla magurudumu hayajagusa. Nyingi zina miguu ya chuma cha springi, nayo haisamehi kasi ya ziada: magurudumu makuu yakigonga, mkia unashuka, pembe ya bawa dhidi ya upepo inakua, na ndege inaruka tena. Usiisukumie fimbo mbele kuifukuza chini. Ongeza nguvu upae, uzunguke uje kutua upya, na uamue upesi, kwani injini ya nguvu farasi 115 haipandi kwa haraka ikiwa imebeba watu wawili.

Sasa gurudumu la mkia, mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii. Linafuata pedali kupitia springi mbili, na likipita pembe fulani linajifungua lizunguke huru. Kishikio cha ndani kikilika, linajifungua mapema, tena mwendo ukiwa umepungua na usukani wa mkia hauna upepo wa kutosha. Inua mkia, uzungushe gurudumu kwa mkono pande zote mbili: lazima lirudi katikati na kushika, kulia sawa na kushoto. Kisha tazama mhimili wake wa kuzungukia ndege ikiwa imebeba mzigo. Juu yake ukilalia mbele, bapa za springi zinazolishikiza gurudumu kwenye ndege zimenyooka kwa uchovu, na gurudumu litatetema vibaya likigusa chini. Kukaza nati kunaficha tatizo tu; badilisha bapa.

Mwisho, mabawa. Nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 zina mihimili ya mbao, ile inayopita ndani ya bawa kwa urefu na kulibeba. Ncha ikigonga chini, mbao inaweza kupata ufa wa kubanwa, mwembamba kama unywele, uliokatiza nyuzi zake, huku kitambaa cha nje kikiwa hakina hata mkunjo. Soma daftari la matengenezo. Ukikuta bawa limewahi kugonga, fundi aingize taa na kioo kupitia matundu ya ukaguzi, afuate mhimili wote, juu na chini, kabla hujalipa.