Boot-Repair ilivyonirudishia Ubuntu baada ya kupiga Windows 7 upya

Laptopu yangu ni ThinkPad T420, mashine ya 2011, nayo ina mifumo miwili: Windows 7 na Ubuntu 22.04. Watu huniuliza Windows 7 ya nini, ilhali Microsoft imeacha kuihudumia tangu 14 Januari 2020. Sababu yangu ni kaseti. Marehemu baba ameacha makasha mawili ya kaseti za taarabu, nyingi zimerekodiwa harusini hapa Mjini Unguja, na mimi nazihamishia kwenye kompyuta moja baada ya moja. Kifaa cha sauti ninachokiweka kati ya deki na laptopu ni cha zamani, draiva yake imeishia Windows 7. Basi huko narekodi tu, intaneti siiunganishi kabisa, kisha naingia Ubuntu kusafisha sauti kwa Audacity. Kaseti ya dakika 60 ikiwa WAV inakula kama MB 600, kwa hiyo zilizosafishwa zote nimeziweka upande wa Ubuntu wenye nafasi.

Windows ilipoanza kukwama katikati ya kurekodi nikaamua kuipiga upya. Nilikwenda kwa uangalifu, nikafomati patisheni (kipande cha diski) ya Windows peke yake, ya Ubuntu sikuigusa. Kazi ikaisha, mashine ikajizima ikawaka, ikaingia Windows moja kwa moja. Ile orodha ya GRUB ya kuchagulia mfumo haikutokea tena. Nikafungua Disk Management: patisheni ya Ubuntu ipo, haina herufi, haina jina. Windows haisomi ext4, mpangilio wa mafaili ambao Ubuntu huutumia, kwa hiyo kwake pale ni mahali patupu. Kwangu pale mlikuwa na kaseti kumi na nne, na mbili kati ya hizo utepe wake umeshakatika, hazirekodiki tena.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaitazama kidogo, akasema: "Sheikh, hiyo Ubuntu ishakwenda. Dawa yake tufomati hadi disk nzima, nikupigie zote mbili upya." Bei aliyonitajia ilikuwa ndogo. Nilimwambia nitarudi, nikachukua laptopu yangu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Maana Ubuntu haikuwa imekwenda popote. Kwenye mashine zinazowaka kwa BIOS, njia ya zamani, kama hii yangu, sekta ya kwanza ya diski, MBR, ina baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo ni kiprogramu kinachowasha mfumo, 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, na 2 za mwisho ni alama. Windows ukiipiga huandika kiprogramu chake juu ya zile 446 bila kukuuliza, na hapo ndipo GRUB ilipokuwa imeanzia. Jedwali linabaki, patisheni inabaki, mafaili yote yanabaki. Kilichopotea ni njia ya kuingilia. Naliandika hili kwa urefu kwa sababu naamini wapo wengi waliofomatiwa kazi zao za miaka kwa jambo la baiti 446.

Nilichotumia ni Boot-Repair, programu ya bure ya kurudisha njia hiyo. Kwanza unahitaji flashi yenye Ubuntu ya kuwashia. ISO yake, yaani faili la kutengenezea flashi hiyo, ni zaidi ya GB 3, mimi niliipakua usiku kwenye kompyuta ya ndugu yangu. Kwenye ThinkPad unabonyeza F12 mara tu inapowaka, unachagua flashi, kisha unachagua kuijaribu Ubuntu bila kuipiga. Usikosee hapo.

Kabla ya kutengeneza chochote nilifungua ile patisheni kwenye Files. Ikafunguka. Mafolda yangu yote yalikuwemo. Nikabonyeza kaseti ya kwanza, ya harusi ya shangazi, nikasikia fidla, kisha vigelegele, kisha sauti ya baba akimwambia mtu asogeze maikrofoni. Nilikaa nikaisikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Halafu nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje, na nakuomba na wewe uanze na hilo, hata kama una haraka vipi.

Boot-Repair yenyewe haimo ndani ya flashi. Unaunganisha intaneti (mimi nilitumia simu), unafungua terminali na kuandika amri tatu: sudo add-apt-repository ppa:yannubuntu/boot-repair, kisha sudo apt update, kisha sudo apt install boot-repair. Ukiifungua utaona kitufe kikubwa cha "Recommended repair". Nilikibonyeza, nikasubiri dakika chache, ikanipa anwani ya ripoti ya kuiandika pembeni endapo nitahitaji msaada, ikaniambia niwashe upya. Nikawasha. Orodha ikarudi, Ubuntu juu, Windows 7 chini, na zote mbili zikafunguka.

Ninachokipenda ni kwamba haikunitaka nijue GRUB ni nini. Kasoro yake kwa mazingira yetu ni intaneti: bando likiisha katikati, umekwama. Shemeji yangu wa Chake Chake alipofikwa na yaleyale hakuwa na bando, tukafanya kwa mkono kwa simu, mimi nasoma yeye anaandika. Akiwa ndani ya flashi, patisheni yake ya Ubuntu ikiwa sda5, aliandika sudo mount /dev/sda5 /mnt, kisha sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda. Ubuntu ikawaka. Alipoandika sudo update-grub ili Windows nayo iingie kwenye orodha, ikatoa onyo kuwa os-prober haitatumika. Tangu toleo la GRUB 2.06, la 2021, kile kinachotafuta mifumo mingine kimezimwa kwa ajili ya usalama. Ilibidi aongeze mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye faili /etc/default/grub, akarudia update-grub, na Windows ikaonekana. Njia hii ni nzuri kuijua, lakini kwa mtu asiyezoea terminali ningempa Boot-Repair bila kufikiri mara mbili.

Mashine mpya za UEFI, njia ya kuwasha iliyochukua nafasi ya BIOS, mambo yake ni mepesi zaidi. Huko Windows kwa kawaida haifuti faili la GRUB, hujiweka mbele tu kwenye mpangilio wa kuwaka. Jaribu kwanza kuingia kwenye mipangilio ya mashine na kuitanguliza Ubuntu, huenda kazi ikaishia hapo.

Jambo moja halikutengenezwa na Boot-Repair, na wala si kazi yake: saa. Jioni ya siku ileile msikiti wa jirani unaadhini Magharibi, na Windows inaniambia saa tisa na nusu alasiri. Ubuntu huiweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Nikaingia Ubuntu, nikaandika timedatectl set-local-rtc 1, nikairekebisha saa mara moja upande wa Windows, na tangu hapo zimekwenda sawa. Usiku ule nikaweka kaseti ya kumi na tano kwenye deki.