Kozi ya sauti ya mifano ya Yesu: pa kuiamini na pa kuihakiki

Kozi hii ni masomo ya sauti pamoja na kijitabu cha PDF, vyote kwa Kiswahili. Kazi yake ni kumpeleka msikilizaji Galilaya na Uyahudi ya karne ya kwanza kabla hajaanza kutafuta fundisho. Naipenda na ninaitumia kuandaa masomo ya Biblia. Lakini mwalimu asiibebe ilivyo akaipeleka mimbarini, kwa sababu ubora wa masomo yake unapishana sana.

Lililo bora kuliko yote ni la mtumwa asiyesamehe (Mathayo 18:23-35). Haliishii kusema deni lilikuwa kubwa, linalipigia hesabu. Dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku, kama inavyoonekana katika Mathayo 20:2, na talanta moja ni dinari 6,000. Talanta 10,000 basi ni dinari milioni 60, ilhali mwenzake anadaiwa dinari 100. Kisha analetwa Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anayesema Herode Antipa alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka Galilaya na Perea. Mtumwa anadaiwa mapato ya miaka 50 ya mtawala wa nchi, halafu anapiga magoti na kusema, "nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Iandike hesabu hiyo ubaoni, mstari baada ya mstari, na darasa litaona lenyewe.

Kijitabu kimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu hilo linaleta shida. Mwenye shamba anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, zikihesabiwa tangu mapambazuko, kama tunavyohesabu sisi. Kijitabu "kinafafanua" kuwa saa tatu ni saa 9 asubuhi na saa kumi na moja ni saa 5 jioni! Futa maelezo hayo kabla hujawagawia watu nakala. Hao wa mwisho walifanya kazi kama saa moja tu, na msomaji wa Kiswahili analipata hilo kwenye Biblia yake bila msaada wa mtu. Maelezo yanayofuata ni mazuri: Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijachwa, ndiyo maana malipo yanafanyika jioni ile ile.

Somo la Msamaria limenisikitisha. Njia imeelezwa vizuri: kilomita kama 27 kutoka Yerusalemu hadi Yeriko, mteremko wa zaidi ya mita 1,000. Ila linadai, tena kwa uhakika, kwamba kuhani na Mlawi walipita kando wakiogopa unajisi wa maiti. Luka 10:31 inasema kuhani alikuwa anashuka, yaani Hekalu ameliacha nyuma. Katazo la kujinajisi kwa maiti, katika kitabu cha Mambo ya Walawi 21, linawahusu makuhani, wana wa Haruni, si Walawi wote. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, katika kitabu cha Naziri, inamtaka hata kuhani mkuu aishughulikie maiti isiyo na wa kuizika. Na majeruhi huyu alikuwa bado hai. Dai hilo lina madhara, kwa sababu linaifanya Torati ionekane ndiyo iliyowazuia watu kutenda mema, wakati mwanasheria aliyemwuliza Yesu amejibu sawasawa kwa kuinukuu Torati hiyo hiyo (10:27).

Mwana mpotevu amepewa muda mrefu, na anastahili. Kwa Kumbukumbu la Torati 21:17 mzaliwa wa kwanza hupata sehemu mbili, kwa hiyo mdogo ana theluthi moja. Mishna, katika kitabu cha Baba Bathra, inaeleza kwamba baba akimwandikia mwana mali ya baada ya kufa kwake, baba hawezi kuiuza na mwana naye hawezi, maana bado iko mikononi mwa baba. Hapo ndipo uzito wa Luka 15:13 unapoonekana: kijana alikusanya vyote akaondoka navyo. Baada ya hapo somo linaleta desturi ya kuvunja chungu mbele ya mtu aliyetengwa na jamaa zake, na kusema baba alikimbia ili awahi kabla wanakijiji hawajakivunja. Desturi hiyo imo katika Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karne kadhaa baadaye, na inahusu aliyeuza shamba la urithi au aliyeoa mke asiyemfaa. Itaje kama dhana, si zaidi. Luka mwenyewe ameandika kilichomkimbiza: "akamwonea huruma."

Kijitabu pia kinakutuma usome Yoshua bin Sira 33:19-23, onyo la kutogawa mali ungali hai. Kwenye Biblia nyingi za Kiprotestanti kitabu hicho hakimo. Azima Biblia ya Kikatoliki kabla ya kufika somo hilo.