Katuni haina maneno, halafu mtu anaitafsiri!

Kitbull, katuni fupi ya studio ya Pixar kuhusu paka mdogo wa mtaani na mbwa aliyefungwa mnyororo, haina mazungumzo. Naanza na hilo kwa sababu nakala niliyojaziwa kwenye flashi juzijuzi, kwa shilingi mia tano, ina mtu anayetafsiri tangu picha ya kwanza. Anatafsiri nini? Paka na mbwa hawasemi kitu kwa dakika kama tisa, na yeye hanyamazi hata mara moja.

Nakala za namna hii hutengenezwa kwa kushusha sauti ya asili kila msemaji anapofungua kinywa. Kwenye muvi ya ngumi hasara ni ndogo, maana ngumi unaiona. Hapa sauti ndiyo inayobeba hadithi. Mnyororo wa mbwa ukiburuzwa chini halafu ukakaza, mtoto anajua bila kuambiwa kwamba mbwa hawezi kufika mbali. Paka akifoka, anajua ni woga. Funika sauti hizo kwa maneno na mtoto anaacha kuangalia, anasubiri aambiwe.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kipande cha kizibo. Paka mdogo anachezea kizibo cha soda, kinamponyoka, na mbwa naye anaanza kukichezea. Basi. Urafiki wote unaanzia hapo, kwa sababu paka anagundua kwamba lile jitu la kutisha linapenda mchezo uleule. Msemaji anafanya nini? Anakaza sauti na kutangaza kwamba mbwa mkali anataka kumla paka! Si kweli. Mwangalie mbwa mwenyewe, anacheza. Watoto wetu wengi, hasa pwani, hukua wakiambiwa wakae mbali na mbwa. Hii ni katuni inayompa mtoto nafasi ya kumtazama mbwa na kuamua mwenyewe, na mtu amemwamulia kabla hajatazama.

Nakala yenyewe pia imeharibiwa. Wanaonakili huikuza picha, huigeuza kushoto kulia na kuiharakisha kidogo ili mtambo wa mtandaoni wa kutambua haki miliki usiikamate. Paka ni mdogo, mweusi, mara nyingi yuko pembeni au chini ya picha, ikikuzwa, anakatwa. Ikiharakishwa, vile vituo vifupi ambapo paka anasita kabla ya kusogea vinapotea, na bila kusita huko haonekani kuwa na woga. Ukitaka kujua kama umeuziwa nakala ya aina hiyo, angalia maandishi yoyote kwenye picha. Yakisomeka kinyume, rudisha.

Sasa suala la umri. Kule dukani imewekwa kwenye folda ya katuni za watoto wadogo, na mwanzo nilitaka kuandika kwamba haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka sita. Katikati, mbwa anaingizwa ndani na mwenye nyumba, kisha anatupwa nje kwenye mvua akiwa na majeraha. Walioitengeneza hawakuonyesha mapigano, na walifanya hivyo makusudi: mtoto mdogo anaona mbwa kaumia, mkubwa anaelewa kilichomuumiza. Msemaji wa nakala hii anaeleza yote, mpaka damu. Kwa nakala hiyo, ndiyo, haifai, hata kwa wa miaka minane.

Lakini nakala ya asili nimeirudia na nafuta nilichotaka kuandika. Wa miaka minne anaweza kuitazama akiwa amekaa na mtu mzima, kwa sharti moja: usiizime kwenye mvua. Wazazi wengi huzima hapo wakidhani wanamkinga mtoto, na wanamwacha na mbwa aliyeumia akilini. Ama zima kabla mbwa hajaingizwa ndani, ama endelea. Baada ya mbwa kutupwa nje, paka ananasa kwenye vile vipete vya plastiki vinavyoshikanisha makopo, na mbwa yuleyule aliyekwisha kuparurwa ndiye anayemnasua kwa meno. Mtoto anahitaji kufika pale paka anapomrudia mbwa na kujilaza kwake.

Mwongozaji, Rosana Sullivan, ameeleza kwamba paka huyo ametokana na utoto wake mwenyewe, wa aibu na kuogopa kufungua moyo kwa wengine. Inaonekana. Ndiyo maana nina hasira na yule msemaji: ameingia katikati ya kitu cha siri kati ya wanyama wawili na kuanza kupiga kelele.

Na fedha zile hazikuwa za lazima. Pixar wameiweka bure kwenye chaneli yao ya YouTube tangu 2019. Ukiitazama kwa ubora wa 360p haimalizi MB 100. Ongeza sauti kiasi cha kusikia mnyororo na mvua, punguza mwanga chumbani kwa sababu paka mweusi hupotea kwenye kioo chenye mng'ao, na mara ya kwanza wewe mkubwa usiseme neno. Mara ya pili, mwache mtoto ndiye asimulie. Atakwambia mbwa anawaza nini, na mara nyingi atakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko yule aliyelipwa kuitafsiri.

Nakala ya flashi: sifuri. Kitbull yenyewe, nilikuwa nimepanga kuipa nyota tatu kwa sababu ya ile sehemu ya mvua. Naipa tano.